Kiu ndani ya udongo wenye maji: namna mahindi, mpunga na mtama vinavyopambana na chumvi



Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu, siye watu wa agronomia, tulikipitia haraka mu lisansi, tukafanya mtihani, kisha tukakisahau: chumvi ya udongo. Ninaandika hata kwa wale wa sheria, wa ekonomia na wa afya, juu maneno haya yanaweza kuwafikia siku moja kwenye shamba la baba au la mama mkwe.

Mu Plaine ya Ruzizi, kati ya Kamanyola na Uvira, kuko vipande vya shamba ambamo mahindi yanaota vizuri, yanafika magotini, halafu yanaanza kuungua kuanzia majani ya chini, hata kama mvua ilinyesha juzi. Jirani yake, hatua mia moja tu, mahindi yanacheka. Mwenye shamba ananunua mbegu mara ya pili, mara nyingi kwa deni. Anaongeza mbolea, na mambo yanazidi kuharibika. Mwishowe anaacha kile kipande, anasema udongo umechoka. Na kama mu familia kuko mtoto aliyesoma agronomia, njo yeye anaitwa: "Mwanangu, wewe ulisoma. Mahindi yangu yanakosa nini?"

Jibu la haraka ni kutaja mbolea. Lakini mara zingine mahindi hayakosi kitu; kuko kitu kimezidi. Chumvi inapiga nafaka mara mbili: kwanza kama kiu, baadaye kama sumu. Kila nafaka iko na mahali pake pa kuvunjika. Asiyejua ni pigo gani linaendelea anatibu ugonjwa ambao haupo, na familia inalipa.

CHUMVI INATOKA WAPI?

Hakuna mtu alimwaga chumvi ya jikoni shambani. Chumvi ya udongo inatoka kwenye mawe yanayooza polepole na kwenye maji. Maji yote ya mto iko na chumvi kidogo ndani, hata yale tunayoita matamu. Jua likipiga, maji yanapanda hewani, chumvi inabaki.

Tufanye hesabu. Tuseme maji ya mfereji wako iko na gramu 0.1 tu ya chumvi katika lita moja. Ukimwagilia milimita 1000 kwa msimu, ni metre kibe 10 000 kwa hektari. Ile ni kilo 1000 za chumvi, tani nzima, umeleta shambani kwa mikono yako. Kama mvua ni nyingi na maji iko na njia ya kutokea, inaosha na kupeleka chini. Lakini Plaine imekaa nyuma ya milima ya Mitumba, sehemu zake nyingi hazipati milimita 1000 za mvua kwa mwaka, kiangazi ni kirefu, jua ni kali. Njo maana chumvi inapata muda wa kukusanyika mahali pa chini, mahali maji yanasimama bila kutoka. Ng'ambo ya mto, mu tambarare ya Imbo kule Burundi, wakulima wako na tatizo lile lile.

Kuko jambo la pili la kwetu kabisa. Mto Ruzizi unatoka mu Ziwa Kivu, pale Bukavu. Maji ya juu ya Ziwa Kivu iko na karibu gramu moja ya chumvi kwa lita, na pH yake inakaribia 9. Chumvi ile haiko sawa na ya bahari: ni bikaboneti nyingi, pamoja na sodiamu, magnesiamu na potasiamu. Mito ya milimani inayoingia njiani inapunguza makali, na mifereji yetu mingi inachota kwenye ile mito ya milimani. Lakini kijana anayefikiri kununua motopompi na kuvuta Ruzizi moja kwa moja, afanye kwanza ile hesabu ya juu na gramu moja: milimita 1000 inaleta karibu tani 10 kwa hektari. Sisemi asimwagilie. Ninasema asianze bila kupima maji na bila mfereji wa kutoa maji.

PIGO LA KWANZA: KIU

Wote tunajua makayabu. Ukipaka samaki chumvi, maji yanatoka ndani ya nyama yanaifuata chumvi, samaki anakauka. Mu shamba ni kanuni ile ile. Mzizi unavuta maji juu ndani ya seli zake kuko vitu vilivyoyeyuka kuliko nje. Chumvi ikiongezeka nje, mvuto unapungua. Maji yapo, unaweza hata kuyakamua kwenye udongo kwa mkono, lakini mmea hauwezi kuyapata kwa urahisi.

Pigo hili ni la haraka. Ndani ya dakika na saa chache tu majani yanapunguza kasi ya kukua. Mmea unafunga vitundu vya majani ili usipoteze maji, na kwa kuvifunga unazuia pia hewa ya kaboni isiingie, basi fotosintezi inashuka. Kwa macho utaona mimea mifupi, rangi ya kijani iliyoiva sana, majani madogo, na kwenye mpunga matawi machache. Hakuna kuungua bado. Mkulima anasema: "Inakataa kukua tu." Wengi wetu hapo tunakimbilia urea. Lakini mbolea ya viwandani nayo ni chumvi, au inageuka kuwa chumvi ikiyeyuka. Ukiimwaga nyingi karibu na mzizi ambao tayari una kiu, unaongeza makayabu juu ya makayabu.

PIGO LA PILI: SUMU

Hili linakuja polepole, siku nyingi au wiki baadaye. Sodiamu inaingia na maji, inapanda mpaka kwenye majani. Maji yanatoka kama mvuke, sodiamu inabaki, kama vile kwenye shamba lenyewe. Mmea wa nafaka unapitisha maji karibu mara 50 zaidi ya yale yanayobaki ndani ya majani. Njo maana mzizi unapaswa kuzuia kama 98 katika kila sehemu 100 za chumvi iliyo kwenye maji ya udongo. Ukizuia 90 tu, ambayo mu mtihani ingekuwa disitenksio kubwa, jani litakufa.

Ndani ya seli, sodiamu inajifanya potasiamu. Enzimu nyingi zinahitaji potasiamu ili zifanye kazi. Sodiamu inakaa kwenye kiti chake na kazi inasimama. Majani ya zamani njo yanakufa kwanza, kuanzia ncha na kingo, juu yamekusanya kwa muda mrefu. Kama majani ya zamani yanakufa haraka kuliko majani mapya yanavyozaliwa, mmea unaishiwa chakula kabla ya kujaza mbegu. Mashindano ni haya tu: majani mapya dhidi ya majani yanayokufa.

Muangalie vizuri: kukosa potasiamu pia kunaunguza kingo za majani ya zamani. Ukame unakausha majani. Mpunga uliozidiwa na chuma unapata madoa ya rangi ya kutu. Kwa macho peke yake tunaweza kudanganyika, tutarudi hapo.

NANI ANAVUMILIA NINI?

Chumvi ya udongo inapimwa kwa namna unyevu wake unavyopitisha umeme. Kipimo ni desisiemensi kwa mita, tunaandika dS/m. Udongo ukifika 4 dS/m, tunauita wa chumvi; ni karibu gramu 2.5 katika lita ya maji ya udongo ule. Mwaka 1977, Maas na Hoffman, watafiti wa maabara ya chumvi ya Riverside, California, walikusanya majaribio mengi wakapanga mazao kwa namba mbili: kiwango ambapo mavuno yanaanza kushuka, na kasi ya kushuka baada ya pale. Mpaka leo njo namba tunazoanzia.

Mahindi: yanaanza kushuka kwa 1.7, halafu yanapoteza asilimia 12 kwa kila dS/m inayoongezeka.
Mpunga: unaanza kwa 3.0, na kasi ya asilimia 12.
Ngano: inaanza kwa 6.0, na kasi ya asilimia 7.1.
Mtama: unaanza kwa 6.8, lakini ukianza, unaporomoka kwa asilimia 16.
Shayiri, ile nafaka ya kutengenezea bia: inaanza kwa 8.0, na kasi ya asilimia 5.

Tugeuze kuwa chakula. Shamba likiwa na 4 dS/m, mahindi yanapoteza karibu asilimia 28, mpunga 12, mtama haujahisi kitu. Likifika 6, mahindi yanapoteza zaidi ya nusu, mpunga zaidi ya theluthi, mtama bado umesimama. Likifika 8, mahindi yamebaki robo, mtama umepoteza kama tano moja, shayiri ndiyo inaanza kushtuka. Namba hizi zinabadilika kidogo kwa joto, aina ya mbegu na aina ya chumvi, lakini mpangilio unabaki. Basi yule mzee anayesema "hapa zamani tulilima mtama" hasemi hadithi. Anakupa matokeo ya jaribio la miaka mingi.

WANAVUMILIA KWA NJIA GANI?

Kuko njia tatu, na hakuna nafaka inayotumia moja peke yake.

Ya kwanza ni kuendelea kukua hata na kiu. Mmea unatengeneza vitu vilaini visivyodhuru seli, kama proline na glycine betaine, ili ndani kuwe na mvuto wa kutosha wa kuvuta maji. Mahindi, ngano, shayiri na mtama vinatengeneza glycine betaine; mpunga hauwezi. Lakini kazi hii iko na bei: ile sukari ilikuwa iende kwenye mbegu, inakwenda kwenye ulinzi. Mmea unaovumilia unaishi, lakini haumaanishi utakujazia gunia kama kawaida.

Ya pili ni kufunga mlango. Kwenye mzizi kuko protini zinazosimama kando ya mabomba ya maji kama polisi wa barieri. Zinanyofoa sodiamu kutoka kwenye maji yanayopanda, zinairudisha kwenye seli za pembeni ili isifike kwenye jani. Moja inaitwa HKT1;5. Mwaka 2005 watafiti walitambua jeni lake katika mpunga wa Kihindi unaoitwa Nona Bokra. Mpunga mwingine, Pokkali, ambao wakulima wa pwani ya Kerala wamelima kwa vizazi kwenye maji yanayochanganyika na bahari, uko na sehemu ya kromozomu ya 1 inayoitwa Saltol, na jeni hilo hilo liko katika sehemu ile. Upande wa ngano, mwaka 2012 kikundi cha Australia kilionyesha kwamba ngano ya makaroni iliyopewa jeni la namna hiyo kutoka kwa jamaa yake wa zamani, kwa kuchanganya mbegu tu, ilitoa mavuno ya asilimia 25 zaidi kwenye shamba la chumvi kuliko ile isiyo nalo.

Ya tatu ni kufungia mwizi ndani ya chumba. Kila seli ya mmea iko na ghala kubwa la maji katikati, vakuoli. Mmea ukiweza kusukuma sodiamu ndani ya vakuoli na kuifungia, enzimu zilizo nje zinaendelea na kazi, na chumvi ile ile inasaidia kuvuta maji. Shayiri ni fundi wa njia hii: majani yake yanaweza kubeba sodiamu nyingi bila kufa.

Mpunga uko na udhaifu mwingine. Mizizi yake inavuja. Sehemu ya sodiamu inapita kwenye nyufa kati ya seli bila kupitia kwa yule polisi. Lakini jambo la kushangaza: mpunga, mwoga wa chumvi, njo mara nyingi unapandwa kwanza kwenye udongo unaotibiwa, kwa mfano kaskazini mwa India. Juu gani? Juu unakubali kukaa ndani ya maji, na maji yaliyosimama juu yanasukuma chumvi chini, mradi kuko njia ya kutokea.

MPUNGA UKO NA SAA ZAKE

Mpunga hauogopi chumvi kwa kiwango kimoja maisha yote. Kuota, unavumilia. Ukiwa mtoto, wiki za kwanza, ni dhaifu sana. Ukianza kutoa matawi unapata nguvu tena. Halafu wakati wa kutengeneza shuke na kutoa maua unarudi kuwa dhaifu, na hapo hasara ni mbegu tupu: unaona mpunga umesimama mzuri, ukipiga unapata makapi.

Hii inatupa kazi isiyo na bei kubwa. Kitalu kiwekwe kwenye udongo mzuri. Kwenye shamba lenye chumvi, panda miche iliyokomaa, ya siku 30 hivi, na uweke mitatu au minne kwa shimo. Na kama maji mazuri hayatoshi msimu wote, kikundi cha mfereji kikubaliane kuyatunza kwa wiki mbili: ile ya baada ya kupandikiza, na ile ya maua. Hapo njo tunaokoa magunia.

KABLA YA KUSEMA NI CHUMVI, PIMA

Konduktimetri ndogo ya mkono haina bei ya kutisha. Vijana watano wanaweza kuchanga. Chukua udongo mkavu sehemu moja, maji ya mvua sehemu tano, koroga vizuri, acha itulie, pima. Lakini namba ile usiilinganishe moja kwa moja na zile za juu, juu umeongeza maji mengi. Kwa udongo wa mfinyanzi izidishe karibu mara 6 mpaka 9. Kwa mchanga zaidi ya mara 13. Chukua udongo sehemu mbili: pale mahindi yanaungua na pale yanacheka. Tofauti ya zile mbili inasema kuliko namba moja.

Halafu tofautisha magonjwa mawili. Udongo wa chumvi ya kawaida unaweza kuoshwa na maji. Udongo wa sodiamu ni jambo lingine: sodiamu imeshika chembe za mfinyanzi, zinaachana, zinaziba matundu, maji hayapiti tena. pH yake kawaida inapita 8.5. Bikaboneti inasaidia kuleta ugonjwa huu: inakamata kalsiamu na kuigeuza kuwa kama chokaa isiyoyeyuka, sodiamu inabaki peke yake. Njo maana maji ya aina ya Kivu yanahitaji uangalifu hata kama namba ya umeme si kubwa.

Jaribio lake linafanyika kwa kikombe. Chukua donge dogo la udongo mkavu, liweke polepole kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Rudi baada ya saa kadhaa. Kama donge limevunjika lakini maji ni safi, sawa. Kama kuko wingu kama maziwa kuzunguka donge, sodiamu inakushuku. Udongo ule ukiumwagia maji peke yake, hautapona. Unahitaji kalsiamu, kawaida jasi, madini yanayotumika pia kutengeneza simenti, pamoja na samadi au majani yaliyooza ya kufungua udongo, kisha maji ya kuosha.

MPANGILIO WA KAZI

Kwanza njia ya kutokea maji. Mfereji wa kuingiza bila mfereji wa kutoa ni kiwanda cha chumvi. Maji ya chini yakipanda karibu na juu, jua litayavuta na chumvi yake yote. Wakulima wengi wanasafisha mfereji wa kuingiza kila msimu, ule wa kutoa umejaa majani. Tuanzie pale.

Pili, kuosha. Ruhusu maji mengi mara moja kabla ya kupanda, wakati mvua inasaidia, kuliko kunyunyizia kidogo kidogo kila siku. Funika udongo kwa majani makavu ili jua lisivute.

Tatu, zao linalofaa. Kwenye kipande cha 5 dS/m, usimwambie mama abadilishe mbegu ya mahindi mara ya tatu. Mwambie aweke mtama pale, mahindi ayapeleke kwenye udongo mzuri.

Nne, mbolea kidogo kidogo, mbali kidogo na mbegu.

Tano, mbegu vumilivu. Ziko duniani: FL478 iliyozaliwa na Pokkali, zile za CSR kutoka kituo cha Karnal kule India, BRRI dhan47 ya Bangladesh. Lakini mbegu iliyozoea chumvi ya bahari haijathibitishwa kwa bikaboneti ya Ruzizi. Ijaribiwe kwanza kwenye vipande vidogo, kando ya mbegu ya wakulima. Nimeiweka ya tano kwa makusudi, juu kila mtu anaiomba iwe ya kwanza. Polisi wa barieri, hata awe shujaa, hawezi kushinda kama umati unaongezeka kila msimu na hakuna mtu anayefungua njia ya kutokea.

Wale munaotafuta somo la memware, hapa kuko kazi ya kweli: ramani ya chumvi ya mfereji mmoja tu, kuanzia mwanzo wake mpaka mwisho wake, udongo na maji, kiangazi na mvua. Haihitaji mradi mkubwa. Inahitaji kifaa kimoja, chupa za maji ya mvua, na ruhusa ya wazee wa kikundi cha mfereji. Na matokeo murudishe kwao kwanza, kwa Kiswahili, kabla ya kuyapeleka mbele ya jury.